Sakafu ya Twila Stidham

Kosa la Twila Stidham lilikuwa kujaza fomu mbele ya wifi yake.

Mwenyewe hakuweza kushika kalamu. Baridi yabisi ilikuwa imeshamkunja vidole vya mikono yote miwili, na hata vilipokuwa vizima havikuwahi kuandika sana, maana shule aliiacha darasa la nane ili amuuguze mama yake. Kwa miaka ishirini na miwili alibeba masufuria katika jiko la shule, hadi siku alipojimwagia maharage ya moto miguuni na mkuu wa shule akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba asirudi. Akaambiwa serikali inawalipa wasiojiweza, na kwamba fedha hizo alikuwa akikatwa kwenye mshahara miaka yote hiyo. Fomu ikaja, kurasa kumi.

Darlis, mke wa kaka yake Orbin, alikuwa na mwandiko mzuri. Alikuwa mtu wa mjini, binti wa mwenye duka la dawa, na tangu alipoolewa akaletwa huku juu, kwenye mabonde ya Kentucky mashariki, hakuwahi kumaliza sahani katika nyumba ya akina Stidham. Siku ya msiba wa mama yake Twila alisema jikoni, watu wakisikia, kwamba kahawa atakunywa kwake, maana hapa hajui vikombe vinaoshwa na nini. Twila alikuwa nyuma ya mlango. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kukuta doa kwenye sakafu yake.

Basi ilikuwa Agosti, wanawake wanne wa kanisa wamekaa barazani kwa Darlis wakivunja maharage mabichi ya kuhifadhi kwenye chupa. Darlis akaweka fomu gotini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kuwatosha wote.

"Haya wifi. Wanauliza, unajipikia mwenyewe?"

Mikono ya wale wanawake ikapunguza kasi.

"Najipikia," alisema Twila.

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Viazi, maharage, mkate wa mahindi. Sijafikia kula vya kopo."

"Na kazi za nyumbani? Wanataka kujua unaweza zipi."

"Andika napiga deki kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi," Darlis alirudia akiandika. "Haya. Mimi mwenye mikono mizima, wiki nyingine hunipita."

Oma Neace, aliyekuwa na beseni mapajani, alicheka puani. "Twila, usiwaambie na kwamba unacheza dansi. Watakunyima."

"Sitaki waandike kwamba naishi kwenye uchafu," alisema Twila. "Hao huandika kila kitu."

Deki yenyewe ilianza Alhamisi. Alibana mpini kwapani, akasukuma kwa kiuno, hatua tatu, halafu kiti. Tambara alilikamua kwa kulikanyaga na kisigino. Ijumaa alilala kutwa. Jumamosi alimalizia pale mlangoni, ambapo mgeni huanza kutazama. Fomu haikuwa na nafasi ya kueleza hayo, na hata ingekuwa nayo, asingeyasema mbele ya Oma Neace.

Jibu lilichukua miezi mitano. Amekataliwa. Barua ilimrudishia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine: anapika kila siku, anapiga deki kila wiki, anahudhuria kanisa. Daktari naye aliandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, kwa sababu kila muuguzi alipomuuliza hali, Twila alijibu kwamba hajambo, kama alivyofundishwa kujibu tangu utoto.

Orbin aliisoma barua ile, akakohoa, akairudisha kwenye bahasha. Yeye mapafu yake yalijaa vumbi la makaa ya mawe na fidia yake ya mgodini alishaipata. Hakuna aliyemuuliza habari za deki.

Twila akapata wakili wa kulipwa akishinda tu, bwana mmoja aitwaye Kessinger, ambaye alimjua kwa sauti ya simu tu.

"Mama, kwa nini ulisema hivyo?"

"Kulikuwa na watu."

"Sasa jaji hatakuamini wewe peke yako. Nitafutie mtu anayekuona kila siku."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, Darlis. Nyumba ya Twila, ya bati, ya kukokotwa kwa magurudumu, ilisimama nyuma ya nyumba ya Orbin, dirisha kwa dirisha. Na muda ulikuwa unambana. Kadi ya serikali ya kununulia chakula alipewa, lakini ofisi ilimwambia wazi kwamba mtu ambaye hajathibitishwa kuwa mgonjwa lazima afanye kazi saa ishirini kila wiki, la sivyo kadi inafungwa baada ya miezi mitatu. Jaji akisema ni mgonjwa, angekula bila kuulizwa na mtu. Akisema si mgonjwa, angefanya kazi au angelala njaa.

Akavuka uani akapiga hodi kwa kiwiko.

"Wifi, nataka uje useme unachokiona."

"Nitasema ninachokiona," alisema Darlis. "Mimi kwenye kiapo sidanganyi, unanijua."

"Sikuombi udanganye."

"Basi hakuna neno. Nitakupeleka na gari letu."

Kesi ilisikilizwa katika chumba kidogo mjini. Jaji alikuwa kwenye skrini ukutani, mzee mwenye tai ya kijani, sauti yake ikitangulia mdomo. Darlis alikaa nyuma, mkoba magotini, nywele zimetengenezwa saluni.

Usiku uliotangulia Twila alikuwa ameshaamua. Alisema fomu ile ilikuwa ya uongo. Alisema anakula biskuti na siagi ya karanga kwa sababu hawezi kufungua kopo wala kuinua chungu. Alisema kanisani hukaa benchi la mwisho ili asionekane akishindwa kusimama. Halafu akasema lile alilokuwa hajamwambia hata daktari, kwamba hawezi kufungua zipu, kwamba ziko siku hafiki chooni, na kwamba usafi anaoujua sasa ni kuburuta tambara juu ya mkojo wake mwenyewe kwa mguu. Aliyasema yote huku akijua nani amekaa nyuma yake. Masikio yaliwaka moto lakini alimaliza.

Jaji aliinua fomu ile. "Kwa nini niamini haya na nisiamini yale?"

"Yale niliyasema mbele ya watu, mheshimiwa."

"Na haya je?"

Kessinger, naye akiwa kwenye simu, akamwita Darlis, jaji akamwapisha, na wakili akamuuliza kama huwa anaingia nyumbani kwa Twila.

"Karibu kila siku."

"Hali ya nyumba ikoje?"

Darlis akanyoosha mgongo. "Safi kuliko kwangu, mheshimiwa. Unaweza kula sakafuni. Sijui haya ya mkojo ameyatoa wapi, mimi sijanusa kitu. Wifi yangu ni mtu wa kazi, hata akikataa mwenyewe."

"Lakini mikono yake umeiona," alisema wakili haraka.

"Nimeiona. Mama yake alikuwa nayo hivyo hivyo, akalea watoto sita."

Walirudi kwa gari lile lile, wakafika kwenye daraja.

"Ulitaka nimwambie nini?" alisema Darlis. "Kwamba ukoo wa mume wangu unanuka? Orbin ana jina lake hapa."

"Tambara lile umeliona. Umelitoa nje wewe mwenyewe mwezi wa tatu, umelishika kwa kijiti."

"Hakuniuliza habari za tambara."

Alikataliwa mara ya pili, na barua ikamtaja shahidi wake kuwa mtu mkweli. Kessinger hakupokea simu tena.

Ofisi ya chakula ikampa orodha ya mahali ambapo saa za kujitolea zinahesabiwa. Hospitali, maili thelathini. Maktaba, maili kumi na nane. Gari hakuwa nalo. Pa kufika kwa miguu palikuwa mahali pamoja tu, stoo ya kanisa inayogawia maskini vyakula vya kopo, na msimamizi wake, mwenye kuweka sahihi kwenye karatasi ya saa, alikuwa Darlis.

Alikwenda. Jumatatu hadi Alhamisi, saa tano kwa siku, alishusha makopo kutoka kwenye maboksi kwa kuyakumbatia kifuani, moja moja, kama mtu anayebeba mayai. Wiki ya pili Oma Neace alikuja kuchukua boksi lake.

"Twila, kumbe umepata kazi."

"Anajitolea," alisema Darlis. "Mahindi rafu ya chini, wifi. Ya chini."

Twila aliinama. Goti likagoma, kopo likamponyoka likabingirika hadi ukutani. Akavuta kreti tupu akakaa, mikono imeelekea juu mapajani, akisubiri maumivu yapungue.

Darlis alitazama saa ya ukutani, kisha karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Ukikaa siwezi kukuandikia saa," alisema. "Si mimi wifi, ni sheria yao."

Twila akasimama.