Mkono wa Nasri kwenye Sinia

Ningekuwa natunga, ningejitungia ushujaa kidogo. Ningesema nilisoma Ayatul Kursiyu, kiumbe kikatoweka, mambo yakaisha. Lakini hili lilinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Bagamoyo, jua linawaka, na sikufanya ushujaa wowote. Ukitaka kuniamini niamini, usipotaka basi. Nimechoka kubishana na watu.

Mimi ni teja. Sisemi nilikuwa teja, maana kule soba, nyumba ya kuachia unga, walitufundisha kwamba mtu hamalizi, anaacha leo, na kesho anaacha tena. Unga sijaugusa miaka kadhaa sasa, alhamdulillahi. Nakaa Kaole, natengeneza feni na pasi za watu. Tulioanza pamoja kijiweni tulikuwa sita. Nimebaki mimi.

Sasa tatizo ni simu. Unaijua ile tabia yake, asubuhi hujanawa hata uso, inakuletea picha: siku kama ya leo, miaka kadhaa iliyopita? Wenzangu wanaletewa harusi zao na watoto wao walipokuwa wachanga. Mimi naletewa marehemu. Mwezi huu huyu, mwezi ujao yule, wote wanacheka, meno nje. Nimeambiwa kuna mahali unabonyeza, inaacha. Sijabonyeza. Nikibonyeza, nani atawakumbuka wale? Mama zao tu.

Siku ninayoisimulia ililetwa picha ya Nasri. Tuliipiga tarehe ile ile aliyokuja kufa, mwaka mmoja kabla, wala hatukujua. Nasri alikuwa mtoto wa Kiarabu wa mji mkongwe, kwao wanauza vitambaa vya mapazia. Mama yake, Bi Zuhura, mimi namwita Mama, kwa sababu utotoni nimelala kwake kuliko kwetu. Nasri alikutwa amekufa kwenye pagala moja karibu na pwani, jumba lisilomalizwa ambalo tulikuwa tunavutia humo. Mimi nilikuwa soba. Nikaruhusiwa kutoka kwenda kumzika, na mimi na mdogo wake Feisali ndio tuliomwosha.

Alikuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda. Kilibanwa na mlango wa duka akiwa mdogo, kikapona hivyo hivyo. Wakati wa kumwosha nilijaribu kukinyoosha, sijui kwa nini. Kilikataa. Nililia mpaka Feisali akaninyang'anya kopo la maji.

Basi, tangu hapo kila mwaka Bi Zuhura anamfanyia mwanawe hitma. Wanaume tunakaa uchochoroni chini ya turubai, baada ya Alasiri tunasoma, inaombwa dua, kisha yanatoka masinia ya pilau. Siku hiyo sinia letu tulikuwa mimi, Feisali na jirani yao Mzee Kombo, mtu wa maneno sana.

"Kula, bwana," akaniambia. "Mwaka mzima unakula feni, leo umeletewa nyama unaitazama!"

Watu wakacheka. Nikaingiza mkono. Unajua kwenye sinia mtu mstaarabu haangalii uso wa mwenziwe. Utamhesabia matonge? Unaangalia upande wako, unakula. Unachokiona ni mikono tu. Nikauona wa Feisali, na saa yake. Nikauona wa Mzee Kombo, umekomaa, unakwenda mbio. Halafu nikauona mkono wa nne, umevimba kama mikono yetu mateja inavyovimba, kidole cha mwisho kimepinda.

Ukachukua pande zuri la nyama, ukalisukuma kwa kidole gumba mpaka upande wangu.

Wallahi nikaujua. Nasri ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kula nyama nzuri mbele yangu, tangu watoto, alikuwa ananisukumia mimi, kwa sababu kwetu nyama ilikuwa ya Idi. Nani mwingine anayelijua hilo? Shehe mmoja aliniambia baadaye wafu hawarudi, lile ni jini limevaa umbo lake. Inawezekana, sibishani na shehe. Lakini jini linanionea huruma kwa umaskini wa utotoni?

Na mimi, mjinga, nikaila ile nyama. Nyama ukisukumiwa kwenye sinia huikatai, utamvunjia mtu heshima. Nilipomeza tu, miayo ikaanza. Pua ikachuruzika, mifupa ya miguu ikauma. Aliyepitia anaijua hali hiyo: arosto, ile kiu ya unga. Miaka yote ile ya kuacha, ikawa kama niliacha jana.

Sauti ikanijia karibu na sikio, ya upole kabisa: "Twende tukanawe, mwanangu."

Ndivyo tulivyoitana kijiweni, na kunawa nako tulikuwa na mtindo wetu. Tukishiba pilau hatusubiri maji, tunakwenda kunawa pwani. Mtu akainuka, kanzu nyeupe, akanigeuzia mgongo, akaanza kutembea. Nikainuka nikamfuata, mkono una mafuta. Utauliza, kwa nini umfuate mtu uliyemwosha kwa mikono yako? Na mimi nakuuliza, wewe umeshawahi kumzika rafiki? Nilikuwa nimemkumbuka. Nilikuwa na hamu naye kuliko hata huo unga.

Tulipita uchochoroni, watu wakanisalimia mimi, yeye hakusalimiwa. Akafika kwenye lile pagala, akaingia. Mimi nikasimama mlangoni. Ndani kulikuwa na kivuli kizuri.

"Umechoka," akasema. "Njoo ulale kidogo. Wote tupo."

Hakunitisha hata kidogo. Na kweli nilikuwa nimechoka, ndugu yangu. Kuacha leo, kuacha kesho, kuamka na picha za marehemu, nani asichoke? Niliinua mguu niingie.

"Mwanangu, hujanawa!"

Nikageuka. Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu, kanga za jikoni, miguu mitupu, anahema, kashika jagi la maji. Mwanamke wa watu, hata sokoni haendi bila baibui, kapita mbele za wanaume hivyo hivyo. Akaukamata mkono wangu, akaumiminia maji pale pale mlangoni, akausugua kidole kwa kidole kama wa mtoto. Alipomaliza ndipo akatazama ndani kwenye kile kivuli.

"Nasri," akasema. "Baba, umeshakula. Nenda sasa. Huyu niachie, kati yenu ndiye aliyenibakia."

Miayo ikakatika. Mama akaanza kulia, na mimi nikalia naye.

Njiani aliniambia kila mwaka alikuwa anauona ule mkono. Anachungulia mlangoni masinia yakishatoka, anautafuta. Uso hajawahi kuuona, ni mkono tu, lakini ulimtosha. Hakumwambia mtu. Siku ile aliponiona nainuka kuufuata, akakamata jagi. Ndiyo maana hitma ile ilikuwa haikosi nyama nzuri hata biashara ikiwa mbaya.

Feisali anaapa sinia lile tulikuwa watatu. Mzee Kombo naye analalamika tu kwamba nyama iliisha upesi.

Mimi tangu siku hiyo sili sinia moja na watu. Harusini naomba sahani yangu, wananiona nina maringo. Lakini hilo si kitu. Mwaka uliofuata nilikwenda hitma, nikakuta hakuna pilau. Watu walisoma, wakapewa kahawa na visheti, kila mtu mkononi mwake, wakaondoka. Feisali alikasirika, akasema mji mzima utajua tumefilisika. Mama akaingia jikoni. Nikamfuata, nikamwuliza kwa nini hakupika. Alikuwa anafuta sufuria safi.

"Nikipika atakuja," akasema.

Basi hajapika tena mpaka leo. Mtoto wake wa kumzaa amemfungia mlango, ili mimi nibaki. Ninapojisikia kuchoka, na najisikia mara nyingi, hilo ndilo linaloniamsha.

Na wewe unayenisikiliza, kama una rafiki aliyekwenda kwa njia hiyo, siku yake ikifika usikae peke yako na simu. Kaa na watu. Msomee, mlilie, mtaje kwa wema. Lakini akikuita usimfuate, hata akikuita kwa mapenzi, na hasa akikuita kwa mapenzi. Mimi unga sikupewa na adui hata siku moja.