Ankara ya Chapati Laini

Jeruto wa Mogotio alikuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini Ijumaa ile kicheko kilimkauka. Alikuwa bado kazini kwa majaribio, na bosi wake Dharmesh alikuwa amemwambia waziwazi, "Hii lori ya Kuresoi ikirudi tupu, na wewe rudi kwenu."

Dharmesh alikuwa na kinu cha chakula cha mifugo hapo Nakuru. Mkewe, Ritu, aliuza chakula hicho dukani, ng'ambo ya ua. Zamani magunia yalivuka ua kwa kelele tu: "Ritu, shika kumi!" Basi, kwisha. Mwaka huo wa 2007 Dharmesh akajinunulia programu ya kompyuta, nayo ikamjulisha kwamba yeye na mkewe ni kampuni mbili. Ati kinu kiandikie duka ankara, duka liikubali, ndipo ankara ya mteja itoke yenyewe na magunia yapakiwe. Jeruto alichapa ya kinu. Kukubali ni Ritu peke yake.

Na Ritu alikuwa amenuna! Jana yake Dharmesh alithubutu kusema kwamba chapati za mama mkwe wake, mamake Ritu, ni ngumu. Jamani, mwanamume mzima!

Jeruto akatuma ankara. Ikarudi: imekataliwa. Akatuma tena. Imekataliwa, na sababu chini yake: "Muulize bosi wako." Akavuka ua mbio, akarudi akihema.

"Boss, madam anataka umwombe msamaha."

"Mwambie hii ni biashara!"

"Mwambie wewe, boss. Mimi miguu imekwisha."

Akamsukumia kibodi. Nje, Mzee Naftaly, mteja mwenye ile lori ya Kuresoi, alikuwa ameanza kupiga honi. Dharmesh akaguna, kisha kwa kidole kimoja akachapa kitu pale pa maelezo ya bidhaa. Haikupita muda: imekubaliwa! Jeruto alipiga kigelegele, na kwa furaha hiyo akasahau kabisa kwamba maelezo ya kinu hubebwa yote, neno kwa neno, mpaka kwa mteja.

Printa ya dukani ikatoa karatasi. Mzee Naftaly akaingia, akaichukua, akavaa miwani na kusoma kwa sauti mbele ya wateja wote: "Chakula cha ng'ombe wa maziwa, magunia arobaini. Ritu nisamehe, chapati za mama ni laini sana." Akamtazama Ritu. "Madam, magunia nimeyaona. Hizi chapati ziko wapi?"

Duka zima likaangua kicheko. Dharmesh akaja mbio, masikio yamemwiva kwa aibu, Jeruto nyuma yake.

"Jeruto! Si ungefuta? Chukua mkoba wako!"

Jeruto akageuka kwenda kuuchukua, machozi yakimlengalenga.

"Haendi popote," Ritu akasema, akiikunja ile ankara na kuitia kifuani. "Mzee, ngoja nikuchapie nyingine. Jeruto, kuanzia kesho unafanya kazi kwa kampuni yangu."

"Na ankara zangu ataandika nani?" Dharmesh akauliza.

"Andika mwenyewe. Leo umeandika vizuri."