Pembe Mbele ya Goli

Wewe, ungethubutu kukanyaga mahali ulipoambiwa mguu wako utakauka? Usinijibu haraka. Mimi nina digrii, na hadi leo nikipita mbele ya goli hujikuta nimezunguka.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya sabini, kijijini kwetu upande wa Kibondo, timu ya shule ilijua kushambulia kwa namna moja tu: wote katikati, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Mwalimu Sadiki wa michezo, mtu wa Kasulu mjini, alikauka koo. "Pembeni! Tanueni uwanja! Winga apige krosi!" Nani amsikie? Kila mmoja alitaka kufunga yeye. Watoto wa Kasanda, shule ya kijiji jirani, walijaza mabeki katikati, wakatungoja, wakatufunga.

Kisha asubuhi moja kipa wetu akaona ncha ya pembe ya mbuzi, imefungwa kitambaa cheusi, imechomoza udongoni mbele ya goli. Bibi yangu alikuja kuitazama kwa mbali, kanga mdomoni.

"Atakayepita juu yake, mguu utakauka. Na asiifukue mtu ila aliyeizika."

Mwalimu Sadiki, aliyetuhubiria mstarini kila siku kwamba ushirikina ni ujinga, safari hii alisema tu, "Basi, piteni pembeni."

Wakapita. Mpira ukawa unakimbia ubavuni na kurudi kwa krosi, na kaka yangu Gaspari anamalizia kwa kichwa. Tulifunga hadi tukashangaa wenyewe.

Kasanda waliporudi, nao walikuwa wameusikia uvumi. Mabeki wao waliikwepa pembe, pakabaki tundu ambalo hakuna aliyelitaka. Tulikuwa sare, mwishoni kabisa, krosi ikadondokea humo humo.

"Gaspari, acha!" nilipiga kelele.

Akaingia. Akafunga. Uwanja ulilipuka, lakini yeye alisimama akiutazama mguu wake, halafu akakaa chini taratibu, kama mzee.

Hakusimama tena. Alibebwa hadi nyumbani, akalala mkekani, ugali hautaki. Bibi alimkanda kwa majani ya moto, akinong'ona kwa Kiha, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu. Mimi nililala miguuni pake. Kila nilipozinduka niliushika mguu ule gizani nione kama umeanza kukonda, na naapa niliuona unakonda.

Mwalimu Sadiki alikuja kumjulia hali, na sukari kwenye karatasi.

"Ni woga tu, Bibi. Mguu hauna kitu."

"Mwambie yeye, si mimi."

Gaspari alifumbua macho. "Mwalimu, pembe ikifukuliwa, nitatembea?"

"Utatembea. Naenda kuifukua sasa hivi."

"Usiiguse, Mwalimu!" Alianza kulia. "Bibi alisema, ila aliyeizika. Utakauka na wewe!"

Mwalimu alinyanyuka, akakaa tena. Tangu siku ile nimeishi na wasomi wengi, na nitasema wazi: wanaoiamini pembe hawanitishi. Wanaonitisha ni wale wasioiamini na bado wanajua pa kuizika.

Bibi hakumwondolea macho. "Mwalimu, mtoto anakusubiri."

Alivua kofia, akaikunjakunja mapajani.

"Nitaifukua, Gaspari, na sitakauka," alisema. "Mlikataa kutanua uwanja. Niliizika mimi."