Saa ya Ruta ya Chiwata

Baba Julia, jina lake la ubatizo Nathanaeli, alikuwa mhudumu wa kanisa letu la Chiwata, upande wa Masasi, kwa miaka ishirini na sita. Alifagia, aligonga kengele, na ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, ilipofungwa ofisini akakabidhiwa na hiyo. Umeme ukikatika, saa ya ruta ilirudi mwaka 1970, naye alikuja na baiskeli kuirekebisha kwa mkono. Aliipanga kama tunavyohesabu sisi: saa moja asubuhi aliandika 01:00, saa moja jioni 13:00. Kwa hesabu hiyohiyo akaiwekea ratiba: mchana intaneti ni ya ofisi, jioni saa moja hadi saa tatu ni ya waumini wote.

Aliyeitumia kuliko wote ni yeye mwenyewe. Mkewe, Ethel, alikuwa amelazwa Dar es Salaam, amefanyiwa upasuaji wa koo, sauti hana tena. Simu ya kawaida ingewasaidia nini? Kila jioni saa moja mama alipiga simu ya video, na mzee alikaa kwenye benchi la ofisi na shati lake la Jumapili, akimweleza habari za mikorosho na kuku, mama akijibu kwa vidole na nyusi. Siku moja niliwachungulia wakicheka, nikaona haya, nikaondoka.

Mimi ni Felix, nafundisha kompyuta Newala, na nina ujuaji mwingi. Jumamosi moja asubuhi nilikuja nyumbani, nikapita ofisini, nikaiona saa ile, nikacheka hadi nikakaa chini.

"Shikamoo Baba Julia. Hii ruta yako inaishi nchi gani?"

"Marahaba. Iache, mwalimu. Inatufaa hivyo hivyo."

Sikuiacha. Niliiagiza ichukue saa yenyewe kutoka mtandaoni, nikachagua ukanda wa Afrika Mashariki, nikamwonyesha: saa sahihi hadi sekunde, umeme ukatike usikatike. Akanishukuru kwa adabu. Ratiba sikuigusa, hata kuiulizia sikuiulizia. Nikarudi Newala nimefurahi kweli.

Kumbe sasa 13:00 ilikuwa saa saba mchana. Intaneti ya waumini ilifunguka bila mtu, ikajifunga saa tisa. Saa moja jioni ileile mzee alikaa kwenye benchi, simu kimya. Alidhani mama amechoka. Ilipofika saa tatu akaenda zake kulala. Alfajiri Mama Julia akafariki.

Baada ya maziko, Julia, aliyekuwa akimuuguza, alinisimulia kwamba mama yake aliishikilia simu jioni ile yote, akapiga mara kumi na nne, akakataa kupumzika. Nilikwenda ofisini, nikafungua ratiba, nikaona nilichofanya. Nililia humo peke yangu. Kisha nikamfuata Baba Julia nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo alipiga?"

"Alipiga, Baba. Mara kumi na nne."

Akatazama mikono yake. "Basi amekufa akidhani sikwenda kumngoja."