Matairi ya Katani

Wapo watu pale Mkwaja waliokuwepo siku ile, na mpaka leo tukikutana wananiuliza habari za kazi, za watoto, za mvua, ila habari ya baba na kile kiti hawaigusi, nami najua wanaiona usoni kwangu. Basi leo naisema mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimechoka kustiriwa.

Baba yangu, Mzee Bakari, aliendesha malori ya mashamba ya mkonge mpaka alipopooza upande mmoja. Miguu ikagoma, ulimi ukarudi polepole, neno hili leo, neno lile wiki ijayo. Dada yangu Mwanaidi alipoposwa, baba mdogo Hamadi akasema ataozesha yeye kwa niaba ya kaka yake, asisumbuke. Baba akatikisa kichwa. "Nita... ozesha... mwenyewe." Ikawa kila jioni yuko kibarazani anafanya mazoezi, nimekuozesha binti yangu, nimekuozesha binti yangu, na Mwanaidi jikoni anafuta macho anasingizia moshi.

Kiti chake cha magurudumu kilikuwa na matairi ya upepo na pancha zisizokwisha. Njia ya kwetu kwenda msikitini ni nyembamba, bajaji haipiti, imejaa mawe ya matumbawe na miba, na baba hakutaka kabisa kubebwa mbele za watu. Mimi sasa, kwa ujuaji wangu (nikishashika bisibisi haniambii mtu kitu), nikaona dawa ni moja tu, tairi lisilo na upepo halipati pancha. Nikatoa mipira ya ndani nikaitupa, nikasokota kamba za katani nikazishindilia humo mpaka tairi likawa gumu, ukiligonga linalia ko. Nikakisukuma kiti uani, kikaenda vizuri. Kitupu, tena mchangani! Hilo ndilo jaribio nililofanya, na jioni yake nikatangaza kijiweni kwamba habari za pancha nyumbani kwetu zimekwisha.

Baba alilibonyeza tairi kwa mkono wake ulio mzima.

"Upepo... uko wapi?"

"Hauna kazi tena, baba. Hili halitoboki."

"La upepo likikuta jiwe... linabonyea. Hili halibonyei. Jiwe... nitalipokea mimi."

Nikacheka. Nikamwambia, hiki si lori, baba. Ningekuwa na akili, kwa namna alivyoniangalia, ningeyatoa matairi yale palepale.

Siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri, na tulichelewa kutoka kwa sababu akina mama walikuwa bado wanaifukiza udi kanzu mpya ya baba. Mwanzo wa njia ni mchanga, tukaenda salama, nami nikajisifu moyoni. Tulipoingia kwenye mawe, kiti kikaanza kupiga kama debe tupu, kila jiwe likipanda kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye uti wa mgongo wake, kofia ikamtoka, meno yakawa yanagongana. "Pole... pole," akasema. Na mimi nasikia kipaza sauti cha msikiti kimeshawashwa, shehe anakohoa, nikamjibu, "Vumilia baba, tunafika," nikaongeza mwendo. Kosa la katani ni moja, hili ni la pili, na hili la pili ndilo nisilojisamehe.

Tuliwasili kwa kelele hata waliokuwa ndani wakageuka. Jumaa, bwana harusi, akanyanyuka na joho lake akaja mlangoni kumpokea mkwewe kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba." Baba hakuitika. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama mapajani, na mimi niliyesimama nyuma yake nikawa wa mwisho kuona walichokwisha kukiona wengine, kwamba kanzu imelowa mbele na matone yanadondoka kizingitini. Kutikiswa kule kulimshinda. (Tangu asubuhi alikuwa amekataa chai, amekataa hata maji, nami sikujiuliza kwa nini.)

Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka. Mzee mmoja akatoa shuka lake begani akamfunika. Shehe akatoka, akachuchumaa mbele yake. "Hakuna neno, mzee wetu. Tutakuja sisi hapa nje, tufungie ndoa hapahapa." Baba akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kazi ya miezi yote ilikuwa imemwagika njiani. Akajaribu tena, kisha akamnyooshea kidole baba mdogo Hamadi. Shehe akamuuliza kama kweli amempa uwakala, akamuuliza tena, na mara zote mbili baba akaitikia kwa kichwa. Halafu akanigeukia mimi.

"Nyumbani. Kiti... sitaki."

Nikambeba mgongoni, baba yangu asiyetaka kubebwa, njia ileile, kanzu yake mbichi imenigandia na watu wanatupisha huku wakitazama chini. Tulikuwa katikati ya mawe kipaza sauti kilipoita, na sauti ya baba mdogo ni nzuri, haikwami popote: "Jumaa, nimekuozesha Mwanaidi binti Bakari, kwa uwakala nilioupata kwa baba yake..." Nikasikia pumzi shingoni kwangu. Baba alikuwa anasema naye, nyuma yake kidogo, taratibu, maneno yote yamerudi: "Nimekuozesha binti yangu. Jumaa, nimekuozesha binti yangu Mwanaidi." Nikasimama mpaka akamaliza. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

Baadaye Mwanaidi aliniita pembeni, mikono yake inanukia hina. "Kaka, mbona sikusikia sauti ya baba?"

"Alisema," nikamjibu. "Nilimsikia mwenyewe."

Akanitazama sana, akaona sisemi uongo, akaona pia kwamba sijasema yote.

Siku hizi kiti kina matairi ya upepo. Yanatoboka, naziba, yanatoboka tena, na simlalamikii mtu. Pampu ya baiskeli inakaa mlangoni, na kabla sijamsukuma baba hata hapo kibarazani nalibonyeza tairi kwa kidole, kisha namwachia naye alibonyeze. Na akisema polepole, nasimama.