Cherehani Kilichoshushwa Same

Alfajiri ukungu wa Chome unateremka kutoka msituni na kuingia ndani bila hodi. Eliakunda amekaa karibu na dirisha, cherehani cha mkono kikiwa mapajani, anakipangusa kwa kitambaa chenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta. Hana haraka. Anapangusa kama mtu anayemwosha mtoto aliyelala.

"Usipokivika, ukungu utakivika wenyewe," anasema. "Na nguo yake ni nyekundu."

Huku Upareni kusini anajulikana kwa kazi hiyo: kufufua vyerehani vilivyoliwa na kutu. Akina mama huvileta vichwani kutoka vijiji vya mbali, na malipo mara nyingi ni maharage au mkungu wa ndizi.

Alianza kwa msiba. Mumewe, Hezroni, alikata mkonge huko tambarare hadi akamnunulia cherehani. Masika moja akaugua. Eliakunda akaenda kumuuguza hospitalini, cherehani kikabaki sakafuni kando ya ukuta unaovuja. Aliporudi nyumbani alikuwa mjane. Akafunua kifuniko: gurudumu halisogei, chuma chote chekundu.

"Nililia sana siku ile. Watu wakadhani nalilia cherehani."

Kila jioni alitia mafuta ya taa kwenye viungo, akajaribu gurudumu kwa vidole, akaliacha. Maharage yakachanua, yakavunwa. Ndipo siku moja gurudumu likazunguka, "kwa sauti ndogo, kama mtu anayeguna usingizini."

Kiangazi hiki Esta, binti wa jirani, alimletea cherehani cha marehemu mama yake. Alitaka gauni lake la arusi lishonwe kwa hicho, si kingine. Lakini mafuta ya taa hayakufua dafu. Arusi ilipokaribia, Esta akachukua nyundo.

"Niwie radhi, mama. Nitakigonga tu."

Eliakunda akamshika mkono. "Chuma cha namna hii hakipindi, mwanangu. Kinapasuka. Ukikigonga leo, hutakuwa nacho tena."

Wakakifunga kwa kanga, wakashuka nacho Same, mji wa tambarare wenye jua kali. Ukungu ukabaki juu, nyuma yao, na hewa ikazidi kukauka kila walipopiga kona. Barazani kwa Yahaya, fundi wa nguo aliye karibu na stesheni, wakakiweka juani. Chuma kikapata moto hata hakishikiki. Eliakunda akadondosha mafuta, nayo yakanywewa na mwanya wa gurudumu kama maji mchangani.

Treni ikapita. Esta akasinzia, akamwota mama yake anashona, mgongo ukiwa umemwelekea. Eliakunda akamgusa bega.

"Zungusha wewe."

Gurudumu likakataa. Likasita. Likaenda.

Esta aliendelea kuzungusha tu, bila uzi wala kitambaa, machozi yakimtiririka.

Gauni lilishonwa palepale barazani, na Esta sasa ameolewa Suji. Cherehani kina makovu ambayo hayatatoka, ila yamefunikwa kwa nta.

Tangu safari ile Eliakunda ana mpango. Yahaya amekubali kumwazima chumba chake cha nyuma, na seremala anatengeneza rafu. Wenye vyerehani kijijini wameshaanza kuulizia nafasi.

"Sisi ukungu tunaupenda, ndio unaotulishia mashamba," anasema, macho yakiwa bondeni. "Chuma hakiupendi. Masika yakija, vyerehani vitashuka Same vikalale pakavu. Sisi tutabaki na mvua yetu."