Pazia la Mombasa

Wateja wangu wa zamani walipenda kupigwa picha Mombasa. Si Mombasa yenyewe. Ni pazia nililochorewa na fundi mmoja hapa hapa Tanga, lenye zile pembe kubwa za ndovu na barabara ikipita chini yake. Mtu alitoka Moa na kanzu yake safi, akasimama mbele ya kitambaa, akarudi na picha ya kuwaringia majirani. Nilipoichapa nilikata kingo ili pindo la pazia lisionekane. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Juzi alikuja mwanamke mmoja wa Moa, mtu mzima, buibui limejaa vumbi la bodaboda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Akanipa picha ya marehemu babake, niliyompiga mimi mbele ya pazia lile. Alikuwa ameiambatanisha na maombi ya kitambulisho cha taifa, ionyeshe kuwa mzee alikuwa mtu wa huku. Afisa akazitazama zile pembe, akamuuliza kama baba hakuwa Mkenya. Kwao na mpaka wa Horohoro ni pua na mdomo, ndugu wametapakaa pande zote mbili, hivyo swali hilo si la kuchekea.

"Wakinikatalia n'ende wapi, babu? Huko simjui mtu."

Nilicheka kwanza, kisha nikaitazama tena ile picha. Pazia lenyewe lilishaoza zamani; dawa pekee ilikuwa negativu, ile filamu ya asili, maana yenyewe haikukatwa kingo. Lakini chumba changu cha nyuma kinavuja, na kila nikifungua makopo nakuta filamu nyingine zimegandana.

Nilifungua kopo. Ya kwanza imeshikana na ya pili, ya tatu imeota ukungu. Mwanamke alisimama nyuma yangu akisoma dua kwa sauti. Nikamkaripia atulie, kumbe asiyetulia ni mimi. Hatimaye nikaipata ya babake, nikaiinua dirishani. Pindo la pazia lilikuwepo, na misumari, na hata ndoo yangu ukutani. Ila uso wa mzee ulikuwa umeliwa wote. Ilibaki kanzu na mkono mmoja.

"Iweke kando ya picha yako," nikamwambia. "Mkono ni ule ule. Watalinganisha."

"Watakubali?"

Nilisema sijui, maana kweli sikujua. Akaifunga kwenye leso, akachukua namba yangu ili anipigie wakishamjibu.

Tangu siku hiyo, simu ikiita kwa namba nisiyoijua, naitazama mpaka inakatika.